Vua Bodi Kwanza, Mwanangu

Oya, sikia. Kabla hujakimbilia dukani kununua kopo la rangi ya kijani, tafuta nyundo ndogo. Zama chini ya hiyo Land Rover uliyoidatia, anza kugonga chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, taratibu, shubiri kwa shubiri. Chuma kizima kinaitikia kwa mlio mkali. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa, halafu unga mwekundu unakumwagikia usoni. Ukikutana na sauti hiyo sehemu kadhaa, habari za kupiga puti na kupuliza rangi weka pembeni. Bodi inavuliwa.

Msimamo wangu ni huo na sibanduki. Kwa pwani hii ya Mtwara, kufufua Land Rover kuukuu bila kutenganisha bodi na chesisi ni kuchoma mkwanja. Ndinga inang'aa Idi moja mpaka nyingine, mtaa mzima unapiga nayo picha, na huko chini mambo yanazidi kuoza. Sisi masela wa kijiweni, barabara ya kwenda bandarini, tuliamua kushuka mpaka chini kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufungua gari zima. Kuna wana wa boda, kuna mwana anayebeba magunia ya korosho msimu ukiwaka, kuna dada aliyesomea kuchomelea pale VETA, na kuna mimi ninayeandika. Hiyo ndiyo timu. Anayeanza leo hana haja ya kujiona mnyonge.

Mashine yetu ni Land Rover 109, pikapu, toleo la tatu, lile lililotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, kama mita 2 na sentimita 77. Ilikuwa imelala chini ya mkorosho njia ya Naliendele, majani yameota kwenye kiti cha dereva, kuku wanatagia chini ya dashibodi. Watu wa chuma chakavu walishaitolea bei kwa kilo. Na hapo ndipo roho iliponiuma, kwa sababu mchezo wao tunaujua. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, na aluminiamu ina soko la chapchap. Inayeyushwa, inamwagwa kwenye kalibu ya mchanga, inatoka sufuria. Wali wa nazi unaokula kwa mama ntilie leo inawezekana kabisa umepikwa ndani ya kilichokuwa mlango wa Land Rover. Sina ugomvi na sufuria, watu wanakula. Ila kila gari moja likienda kwa mtindo huo, kipande cha Kusini kinaondoka nalo.

Maana hizi mashine na huu mji wetu vimezaliwa kipindi kimoja. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa watu tarehe 30 Aprili 1948 kwenye maonesho ya magari ya Amsterdam. Waingereza ndio kwanza wametoka vitani, chuma kwao kilikuwa cha mgao, ndiyo maana Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaivalisha gari yao aluminiamu na kuacha chuma kwenye chesisi na sehemu chache za kubeba uzito. Mwaka mmoja kabla, 1947, Waingereza haohao walikuwa wameshaanza huku kwetu ule Mpango wa Karanga. Wakafyeka pori la Nachingwea, wakaleta mpaka vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Ili hizo karanga zipate pa kutokea, wakachagua hii ghuba yetu yenye kina kirefu, wakaanza kujenga bandari na kutandika reli kuelekea bara. Karanga zikagoma. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukafutwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na maji. Bandari ikakamilika 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli nayo haikudumu: ilifungwa miaka ya mwanzo ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Leo tuna kata inaitwa Reli na hakuna treni.

Kilichobaki kikifanya kazi ni gati na magari yenye uwezo wa kula tope. Wazee wetu wanakumbuka masika ya zamani, Rufiji ikifurika, Kusini inakatwa na Bongo nzima, unakwenda Dar kwa meli au unakaa nyumbani. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na kile kipande korofi cha Ndundu mpaka Somanga kikaja kupata lami muongo uliofuata. Hata hivyo usijisahau: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ilikatika tena kule Somanga, mabasi yakapanga foleni, na kila aliyekuwa anasubiri spea kutoka Dar akajua yuko Kusini. Katika miaka yote hiyo ya kukwama, gari la bwana shamba, la misheni, la hospitali, la mkuu wa wilaya, lilikuwa Land Rover.

Ndiyo maana Oktoba 2024 nilivyoona picha za Arusha nilipata mzuka na wivu kwa pamoja. Zaidi ya Land Rover elfu moja zilikusanyika kule, lengo likiwa kuvunja rekodi ya dunia ya msururu iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, magari 632. Heshima yao, wametisha. Lakini nyingi kati ya nilizoziona pichani zilikuwa za watalii, zimetunzwa, zinakula oili mpya kila zikitoka hifadhini. Zetu ziko chini ya mikorosho Tandahimba, nyuma ya makanisa Masasi, kwenye yadi za Newala. Zikiamshwa, huo msururu utakuwa na mkia mrefu kutoka Kusini.

Haya, tuingie kazini.

Kitu cha kwanza kununua ni spana za inchi. Usiniulize kwa nini gari la kazi ngumu hivi linafungwa kwa vipimo vya Kiingereza, we chukua tu. Bolti nyingi kwenye toleo hili zinataka spana ya nusu inchi, ya saba kwa kumi na sita, ya tisa kwa kumi na sita. Ukilazimisha spana ya milimita itakaa kwa kulegea, itakwangua kona za nati, na nati ikishakuwa duara umejitafutia msala wa kuikata kwa grenda. Wiki nzima kabla ya kufungua chochote, kila asubuhi na jioni, rashia dizeli kila bolti unayoiona. Inapenya polepole. Iliyokataa baada ya hapo ipashe moto kwa tochi ya gesi mpaka iive, iache ipoe kidogo, jaribu tena. Mbali na tangi la mafuta, lakini. Tangi la gari hili liko chini ya kiti, na tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli ndio unaolipuka. La kwetu lilikuwa kitu cha kwanza kutoka, likapelekwa nje ya uzio.

Simu yako iwe na chaji muda wote. Piga picha kila pembe kabla hujagusa, halafu piga tena ukishafungua. Kila fungu la bolti lina mfuko wake, na mfuko una karatasi: mlango wa kushoto, bawaba ya juu. Dada wetu wa kuchomelea ndiye aliyekuwa mkali kwenye hili, ukitupa nati moja kwenye kopo la jumla anakumaindi siku nzima. Yuko sahihi. Utakapokuja kurudisha miezi mingi baadaye hakuna kichwa kitakachokumbuka.

Uzuri wa Land Rover ni kwamba haikuunganishwa kwa ujanja. Karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti. Boneti linatoka, madigadi yanatoka, rejeta na kile kibao chake vinatoka, paa, milango, kioo cha mbele. Nyuma, lile beseni la pikapu ni aluminiamu karibu lote, masela sita wenye afya wanalinyanyua na kuliweka kando bila winchi. Kinachobaki mwisho ni ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huo uheshimu. Milango inaning'inia pale, kioo kinasimama pale, usukani unapita pale, na chini kwenye pembe zake mbili ndiko kutu inapopenda kuweka geto. Upime kabla haujatoka, uandike vipimo ukutani kwa chaki ikibidi, maana ukirudi umepinda nusu kidole tu milango haifungi.

Kuna kidude kimoja nakutonya mapema. Katikati ya mfumo wa usukani, ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, kuna mtungi mdogo wa chuma wenye springi nene iliyobanwa ndani. Kwenye pwani unakuta umeshikana na chesisi kabisa. Kuutoa mzima ni kupasha moto na kugonga kwa subira. Kuufungua wenyewe ukiwa mikononi mwako, hapana. Ile springi ikiruka inaweza kukutoa jicho. Mpelekee mzee wa gereji mwenye uzoefu.

Sisi tulikwenda kwa mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye haya magari. Jina lake namwachia mwenyewe.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeniletea mgonjwa au maiti?"

"Mgonjwa, mzee. Tumemvua bodi."

Akanyamaza kidogo, akaitazama ile chesisi juu ya matofali, akachutama. "Mmefanya la maana. Vijana wengi wananiletea gari imeshapakwa rangi, wanataka niseme nzuri."

Akatuonesha kitu ambacho video za mtandaoni hazikutuonesha vizuri. Chesisi ya Land Rover ni boksi: mabamba manne ya chuma yamechomelewa yakafanya mrija wa pembe nne, unene kama milimita 2. Kiwandani walipaka rangi nje. Ndani ni uwazi. Tope na maji vinaingilia kwenye matundu, vinatulia humo, na matundu ya kutolea maji yakizibwa na udongo ndiyo basi. Kwa hiyo kutu ya chesisi inatoka ndani kuja nje. Siku unayoiona kwa macho, kazi imeshaisha zamani. Sasa jumlisha hewa ya hapa. Upepo wa kusi unapiga kuanzia kama Aprili mpaka Oktoba, unabeba vumande ya bahari mpaka uani kwako. Gari iliyopanda na kushuka ufukwe wa Msimbati kwenye mchanga, iliyobeba chumvi kutoka mashambani, imekunywa hiyo chumvi kwenye kila kona. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogomdogo ndani ya chuma kilicholowa.

Umeme huohuo ndio unaoitafuna aluminiamu. Wengi kitaani wanaamini bodi ya Land Rover haiozi. Inaoza, kwa staili yake. Aluminiamu ikigusana na chuma, maji ya chumvi yakiwa katikati, vinakuwa betri, na aluminiamu ndiyo inayojitoa. Tazama milango: fremu ya ndani ni chuma, ngozi ya nje ni aluminiamu. Pale vinapokutana utaona unga mweupe na rangi iliyofura. Chokonoa kidogo, bati linavunjika kama kaukau. Dawa yake inakuja wakati wa kurudisha: kila mahali metali hizi mbili zinapokutana paka rangi pande zote mbili, weka mpira mwembamba katikati, na bolti nazo zipewe washa za plastiki au zipakwe grisi nzito.

Kazi ya chesisi ndiyo iliyokula muda na roho. Ziko sehemu zinazojulikana kwa kuoza: boriti ya nyuma kabisa, ile mikono ya pembeni inayobeba bodi, na pale springi za bapa zinaposhikilia. Kanuni ya mzee ni kata mpaka ukutane na chuma kinachong'aa, halafu choma bamba jipya la unene uleule. Kiraka juu ya kutu hapana, hata kiwe kizuri namna gani, kwa sababu huko chini safari inaendelea. Kabla ya kukata, funga vyuma vya kushikilia ili chesisi isipinde, na pima mkingamo: kona ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, chesisi imenyooka. Dada wetu alikuwa anapima kila baada ya mshono, anachoma kidogo huku, anahamia upande wa pili, joto lisije likavuta chuma. Nimemtazama akifanya kazi mpaka nikaelewa kwa nini watu wanalipia ufundi.

Hapa sanuka na jambo moja ambalo linaweza kukuletea soo kubwa. Namba ya chesisi kwenye magari haya imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye mguu unaoshika springi. Na huo mguu ni moja ya sehemu zinazooza. Mtu asiyejua anakata, anachoma kipya, anatupa kile cha zamani, halafu anakwenda TRA na kadi ambayo haina chuma cha kulinganisha. Isafishe hiyo namba kwa brashi laini, ipige picha, ilinde. Na kadi yenyewe hakikisha umeipata kwa muuzaji kabla hujatoa hata buku. Gari zuri lisilo na karatasi ni pambo la uani.

Vitu vidogovidogo vilivyojaa kutu, kama bawaba na mabano, usijichoshe na msasa. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vya magadi, chaja ya betri ya gari. Kifaa chako unakifunga upande wa hasi, kipande cha chuma cha kawaida upande wa chanya, visigusane, unawasha. Baada ya saa kadhaa kutu inalegea inasafishika kwa brashi. Fanya nje penye upepo kwa sababu inatoa gesi inayoshika moto, usitumie chuma cha pua upande wa chanya kwa sababu maji yanakuwa na sumu, na aluminiamu isiingie humo hata kidogo, magadi yanaitafuna. Tulikuwa na ndoo tatu zinachemka uani, wapita njia wanadhani tunapika gongo.

Kiafya, usilete ubishoo. Mchanga wa kupuliza kwa kompresa unasafisha chesisi fasta, ila vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na mchanga wa baharini una chumvi, utakuwa unapanda mbegu ya kutu mpya. Breki na klachi za zamani zina asbesto: usipulize lile vumbi kwa upepo, lifute kwa kitambaa kilicholowa. Na ukichomelea chuma chenye zinki, zile kingo za beseni la nyuma kwa mfano, kwangua zinki kwanza, ule moshi mweupe unaleta homa kali usiku.

Nikitaja breki, kuna kitu kilinifurahisha kinoma. Mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayounguza ngozi ya wabanguaji, ni malighafi inayotumika duniani kutengenezea lainingi za breki na klachi, kwa sababu inavumilia joto la msuguano. Yaani mkoa unaopeleka korosho ghafi kwa meli kupitia gati hilihili unanunua breki zilizotokana na ganda lake. Nilipomwambia mwana wetu wa magunia, alikaa chini akafikiria.

Korosho ndiyo inayopanga bajeti yetu pia. Mnada ukianza Oktoba, hela inazunguka mjini, boda zinapata abiria, wazee wanalipwa na vyama vya msingi, ndipo tunaponunua spea kubwa. Miezi mingine ni ya nguvu kazi: kukwangua, kupima, kusafisha. Ratiba hiyo inaingiliana vizuri na hali ya hewa. Mvua zetu zinaanza kama Desemba mpaka Aprili, na rangi haitaki unyevu, kwa hiyo kupuliza rangi ni kuanzia Juni. Asubuhi, kabla kusi halijaamka na vumbi lake.

Spea tulisaka Gerezani kule Dar, na nyingine Nairobi, kwa sababu kiwanda cha Leyland pale Thika kiliwahi kuunganisha Land Rover tangu miaka ya 1970 na mzigo wa zamani bado unazunguka. Jamaa mmoja wa Grogan, Nairobi, alikuwa anatupigia tafu kwa simu.

"Niaje buda! Hiyo part iko, usijam. Nitumie picha ya hiyo yenye imevunjika nicheki kama ni same."

"Nakutumia sasa hivi, kaka. Lakini bei usituue, sisi ni masela."

"Relax, bro. Nyinyi mnajenga Landi, nawatolea ya mabeste."

Mzigo ukaja kwa mabasi, mkono kwa mkono, mpaka stendi ya Mtwara.

Kwenye injini kijiwe kiligawanyika vibaya. Ya asili ni petroli, silinda nne, lita 2 na robo, kijiinjini kisicho na makuu ambacho mtu anaweza kukifungua chini ya mti na kukifunga tena. Tatizo lake ni wese. Inakunywa. Wana wengi walitaka tuitupe tuweke dizeli ya Toyota au Isuzu, kama wanavyofanya mafundi wengi Afrika Mashariki, na hoja yao ina uzito: spea ziko kila kona, na gari itafanya kazi, haitakuwa ya maonesho. Mimi nilisimama na ya asili, na bado nimesimama. Mfano wangu ulikuwa Boma la Mikindani. Wajerumani walilijenga 1895, likachakaa, baadaye likakarabatiwa likawa hoteli. Matumizi yamebadilika, kuta ni zilezile. Mwisho tukakubaliana silinda zipelekwe zikachongwe, pistoni na ringi mpya, kabureta isafishwe, na mabano ya injini yasikatwe. Atakayekuja kutaka dizeli baadaye ataweka. Aliyeng'oa mabano hana pa kurudi.

Rangi ndiyo sehemu fupi, na ndiyo ambayo kila mtu alikuwa anaisubiri. Aluminiamu inataka praima yake, ile ya chuma haishiki. Ukiokoa hela hapo rangi itabanduka vipande vipande. Chesisi ikapata redi oksaidi halafu nyeusi ngumu. Ndani ya boksi tukapuliza grisi iliyolainishwa kwa oili, kwa mrija mrefu wenye matundu, mpaka ikatokea kwenye vitundu vya chini, na vile vitundu tukaviacha wazi. Juu ikawa kijani iliyoiva na paa la krimu. Kusini tuna historia na rangi ya kung'aa: Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alifanya dunia nzima imtazame kwa rangi za baiskeli tu. Hatukutaka michoro, ila mng'ao ule tuliutaka.

Siku ya kushusha bodi juu ya chesisi mtaa ulisimama. Kina mama wa Chikongola na mabeseni ya samaki, wanafunzi, mabaharia wawili waliokuwa wanapita. Bodi ikatua, bolti ya kwanza ikaingia kwenye tundu lake bila kulazimishwa, nikasikia mtu nyuma anapiga kelele, "Mtwara kuchele!" Mzee fundi akazunguka gari yote, akafungua na kufunga kila mlango, hakusema kitu. Akachukua spana akakaza mwenyewe bolti ya mwisho.

Ikapelekwa kwa trafiki kukaguliwa baada ya breki zote nne kufungwa upya. Safari yake ya kwanza ya maana ilikuwa Msimbati. Huko ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa wanapanda ufukweni kutaga. Kwa hiyo sheria yetu ya kijiwe: gari linabaki barabarani, linaegeshwa kwenye minazi, bata linaliwa kwa miguu, na kabla ya kutoka mjini unalala chini kuangalia kama kuna oili inadondoka. Ukirudi, usiku huohuo, maji baridi ya bomba chini ya gari lote, nyuma ya matairi, kwenye springi, mpaka uwe na uhakika hakuna mchanga uliobaki.

Bado haijakamilika. Tunasaka lile geti la nyuma la 109, la asili, kwa sababu tulilofunga sasa limeundwa kwa bati la kawaida na kila nikilitazama roho haitulii. Najua yapo. Yamegeuzwa milango ya mabanda, vibao vya matangazo, meza za kukaangia samaki. Kama babu yako huko Newala au Tandahimba amefungia mbuzi wake kwa geti zito la aluminiamu lenye minyororo miwili pembeni, mwambie asiliuze kwa kilo. Mjengee mlango mzuri wa mninga, mbuzi wakae salama, halafu lilete kijiweni tuongee bei.